Sanduku la chai lililotupikia maharagwe Kangemi, na makaa tuliyoletewa na wanawake wa kanisa

Wakuu, habari za leo.

Naomba mnipe dakika chache nisimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Picha sina, na wengi waliokuwepo wameshatutoka, kwa hiyo mtanichukua kwa neno langu. Ninachoahidi ni hiki: sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya upumbavu nitausema kama ulivyokuwa.

Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Mniwie radhi, ndivyo nilivyo tangu ujana.

Kilichonileta hapa ni ule uzi wa juzi kuhusu gesi na makaa. Kijana mmoja aliandika kwamba kuishi nyumbani kwa kuhurumia mazingira ni mambo ya watu wenye pesa na watalii. Nilitaka kumjibu palepale. Nikaogopa. Nikalala nalo. Leo nimeamua.

Turudi nyuma hadi miaka ya sabini, ile ya mwanzo mwanzo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu hapa Nairobi, nimesoma jiografia, nimepata kazi ya kuandika barua katika duka la vitambaa la jumla pale Biashara Street. Nilipanga chumba kimoja Kangemi, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyozunguka ua mmoja. Umeme hakuna. Bomba ni moja la watu wote.

Siku hizo kijijini kwetu, upande wa Bungoma, graduate wa kike alikuwa kama ndege aliyetua uwanjani. Kila mtu alitaka kumwona. Mimi nilikuwa naogopa kila kitu. Nikiandika barua moja ya ofisi, naisoma mara tano. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungika. Kichwani mwangu hamkuwa na kimya.

Na kulikuwa na jambo la miti. Kila likizo nilipokuwa naenda nyumbani, nilikaa dirishani nikiangalia msitu kule juu ya mteremko wa Bonde la Ufa, na kila likizo nilihisi umerudi nyuma kidogo. Kando ya barabara yamepangwa magunia ya makaa. Basi nikawa nikinunua makaa kwa yule mama aliyekuwa anayaleta kutoka upande wa Kinoo, naangalia gunia nikifikiri: huu ulikuwa mti gani? Ulikuwa na viota? Watu wa ploti walininunia kwa sababu nilikuwa nazuia foleni.

Hata hivyo niliendelea kununua. Ningefanya nini?

Kisha mama yangu akaja.

Alikuja na kifua. Alikuwa amekohoa kijijini kwa miezi mingi, akidhani ni baridi. Hospitalini wakampangia sindano kumi na mbili, moja kila wiki, Jumanne. Nesi alikuwa mama mnene mwenye miwani, hakuzungusha maneno:

"Mama, ukikatiza katikati, tunaanza upya, na safari ya pili dawa inaweza kukataa. Na wewe msichana, moshi na makaa vitoke ndani ya nyumba. Vyote. Unasikia?"

Nikasikia. Wakuu, nilisikia hadi nikakosa usingizi.

Chumba ni kimoja. Kitanda cha mama hapa, mkeka wangu pale, jiko la makaa mlangoni. Ilikuwa Julai, na mnaoijua Julai ya Nairobi mnajua hakuna mtu anayepika nje kwa saa mbili nzima kwenye ule ukungu. Jiko tulikuwa tunaliwasha uani, likishika tunaliingiza ndani, linapika na kutupasha joto. Maharagwe ya kwetu huchukua nusu siku. Mama analala mita moja kutoka hapo, anakohoa.

Stovu ya mafuta ya taa? Harufu yake ilimkaba zaidi, na mafuta yenyewe yalikuwa yameanza kuadimika madukani.

Nikachukua karatasi, nikaandika njia zote ninazoweza kufikiria za kupika bila moto. Nilipata mbili: kula mkate, na kula ndizi.

Aliyeniokoa ni Kantaben. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka, mama wa makamo, mkali lakini mwenye moyo mzuri, aliyekuja kutoka nyumbani kwao Westlands kila alasiri kukagua marobota. Alinikuta nimeduwaa juu ya taipureta.

"Wewe iko gonjwa?"

Nikamweleza. Akacheka, si kwa dharau. Akaniambia kwamba wakati wa vita vya dunia, yeye akiwa mtoto, kuni na makaa vilikuwa vigumu, na mama yake alikuwa anapika wali na dengu ndani ya sanduku. Chemsha kidogo motoni, toa sufuria na moto wake, tia ndani ya sanduku lenye majani makavu na matambara, funika. Chakula kinajipika chenyewe kwa joto lake.

"Lakini sikiliza mimi," akasema, kidole juu. "Funika, halafu sahau. Sahau kabisa."

Akaniagizia sanduku la chai kwa jirani yake wa duka la pili. Wazee wenzangu mnayakumbuka: masanduku ya mbao nyembamba, kona za bati, ndani yamebandikwa karatasi inayong'aa kama fedha. Akanipa na gunia la vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani, vile visivyouzika.

Siku hiyo alinibeba kwa gari lake hadi Westlands. Kutoka hapo nikajitwika sanduku kichwani, na viatu vya ofisi miguuni, nikashika njia ya Kangemi. Nilipoingia ploti, jirani yangu mmoja akapiga kelele: "Woi! Wamemfukuza kazi! Ona amebeba vitu vyake!"

Jioni hiyo watu watatu walikuja kunipa pole.

(Najua kuna mkuu atauliza vipimo. Ngoja nieleze sasa nisije nikasahau. Tandika matambara chini, unene wa shibiri moja. Weka sufuria katikati, jaza majani makavu na vitambaa pande zote, shindilia mpaka ukitoa sufuria shimo libaki na umbo lake. Shona mto mnene wa kufunikia juu, mimi nilitumia blanketi kuukuu. Maharagwe yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa nzima motoni. Usipunguze hapo, maharagwe mabichi huumiza tumbo. Sufuria iwe imejaa, nusu sufuria hupoa haraka. Yale maji ya kuloweka nilimwagia sukuma wiki niliyopanda kwenye mikebe ya samli, na ya kuoshea vyombo vilevile. Haya, tuendelee.)

Mpango ulikuwa mzuri. Alfajiri jiko linawashwa uani, mbali na mlango, nusu saa tu. Maharagwe yanaingia sandukuni. Makaa yaliyobaki nayafunika kwa bati yazimike, nayatumia tena kesho. Chumba hakina moshi. Mama anapumua.

Tatizo lilikuwa mimi.

Wiki ya kwanza kila siku maharagwe yalitoka magumu. Nikafikiri ni majani. Nikabadilisha majani. Nikafikiri ni karatasi ile ya fedha. Nikaongeza magazeti. Mama alikuwa anatafuna kimya kimya, polepole, kama mtu anayehesabu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Hapo ndipo walipokuja wanawake wa kanisa.

Walikuwa watu wa kwetu, Waluhya wanaoishi Kangemi na Kawangware, na kila mgonjwa kutoka nyumbani alitembelewa. Mkuu wao alikuwa Mama Robai, mama mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyekuwa anafua nguo katika nyumba moja karibu na Adams Arcade. Walifika watano, Jumamosi saa tisa, mimi nikiwa nimetoka kazini saa saba.

"Mulembe, Mama Nafula!" wakamwamkia mama kwa salamu ya kwetu na kwa jina langu.

"Mulembe, karibuni."

Wakaketi kitandani na juu ya mkeka. Niliona macho yao yakizunguka. Yalipita ukutani, yakapita kwenye vitabu vyangu, yakafika pale jiko linapokaa siku zote kwenye chumba cha mtu. Pakavu. Hakuna jiko. Hakuna hata jivu.

Chumba kilikuwa baridi kama kisima.

Mimi nilikuwa nimeshafunua sanduku mara sita tangu nitoke kazini, kuangalia kama yameiva. Mbele ya wageni nikafunua ya saba. Nikapakua. Wakuu, sauti ya wanawake watano wakitafuna maharagwe yale sitaisahau. Ilikuwa kama kuku kwenye kokoto.

Mama Robai alimeza, akanitazama, akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "Asante, mwanangu. Mungu atafungua njia."

Sikuelewa alikuwa na maana gani. Nilipaswa kueleza kuhusu sanduku, na hotuba nilikuwa nayo kichwani, imepangwa aya kwa aya. Lakini aibu ilinifunga mdomo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikawaona wanaingia uani tena. Safari hii wanaimba tangu barabarani. Wawili wa mbele wamebeba gunia la makaa. Limejaa hadi shingoni, limefungwa kwa majani.

Walikuwa wamechangishana. Kwa ajili yetu. Kwa ajili ya graduate anayemlaza mama yake njaa.

Wakaliweka katikati ya chumba, pembeni ya sanduku langu. Wakaomba. Mama Robai alimwomba Mungu akumbuke "binti huyu aliyesoma sana lakini dunia imemwonea." Ploti nzima ilikuwa mlangoni ikisema amina.

Walipoondoka, mama aliufunga mlango. Kisha akavuta mfuko wake kutoka chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo.

"Mama, unafanya nini?"

"Narudi nyumbani."

"Sindano ni tano tu! Zimebaki saba!"

"Nafula, mimi si mtoto. Umekosa makaa kwa sababu yangu. Umeanza kunichemshia mawe nikule kwa sababu huna. Na sasa watu wa kanisa wanajua. Kesho barua itafika Bungoma kabla yangu."

Nikaanza kueleza. Nilieleza jinsi joto linavyotoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Nikaeleza kuhusu hewa iliyonaswa ndani ya majani. Nikamwambia habari za msitu wa Bonde la Ufa, na mvua, na udongo. Nilisema kwa muda mrefu, nimesimama, kama mhadhiri.

Aliendelea kukunja.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nisikilize mimi. Kwetu, jioni, mwanamke akitoka nje anaangalia paa za majirani. Kila paa linatoa moshi. Akiona paa moja halitoi, hamwulizi mwenyewe. Anatuma chakula. Hao hawakuja kukutukana. Wameangalia nyumba yako, wamekosa moshi, wamefanya kile mtu hufanya. Mimi pia ningefanya. Ni mimi ninayeona aibu, kwa sababu ni mimi mgonjwa, ni mimi mgeni, ni mimi nimezima moto wa mwanangu."

Nikaketi chini.

Katika zile karatasi zangu zote nilikuwa nimeandika moto unapika, moto unapasha, moto unaharibu kifua, moto unamaliza miti. Sikuandika kwamba moto pia unasema. Unasema hapa kuna watu, hapa kuna chakula, ingia. Mimi nilikuwa nimeunyamazisha bila kuweka kitu kingine mahali pake.

Mama alikuwa tayari kuhatarisha kifua chake kwa ajili ya hilo, na si kwamba alikuwa mjinga. Hivyo ndivyo anavyoelewa heshima.

Nilifikiri kumruhusu awashe lile gunia. Kweli nilifikiri. Ingekuwa rahisi. Lakini nilimkumbuka yule nesi, nikasema hapana. Kwa mara ya kwanza sikuzunguka zunguka.

"Mama, nipe wiki moja. Jumanne twende sindano ya sita. Jumamosi kama maharagwe ni magumu, nitakupandisha basi mwenyewe, nitabeba mfuko wako. Lakini wiki hii sanduku ni lako. Mimi sitaligusa."

Akanitazama. "Langu?"

"Lako. Utapika wewe."

Nadhani hilo ndilo lililomshika. Tangu afike nilikuwa nimemfanya mgonjwa wa kulala na kuhudumiwa. Mwanamke aliyelisha watu kumi na watatu.

Jumatatu alfajiri akachemsha mwenyewe, uani, khanga puani. Akaingiza sufuria sandukuni. Akafunika. Mimi kabla ya kutoka kwenda kazini, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ule mto, nione tu kama joto...

Pa! Akanipiga kiganja.

"Unafunua ya nini?"

"Nataka kuona kama..."

"Ulikuwa unafunua kila siku hivi?"

Nikaondoa mkono.

"Mara ngapi?"

"Mara sita. Au saba. Kabla sijaenda kazini, wewe ukiwa bado umelala."

Mama yangu alicheka hadi akakohoa, na alipomaliza kukohoa akacheka tena. "Wewe! Umesoma mpaka ukamaliza vitabu, na hujui kitu kikifunikwa kinafunikwa? Ukivundika ndizi unazichungulia kila asubuhi? Zitaiva lini? Ukimfukuza kuku kwenye mayai kila saa ili uhesabu, utapata vifaranga? Nenda kazini, Nafula. Nenda!"

Akaketi juu ya sanduku. Ndiyo, juu yake, na kufuma kwake mkononi.

Yaani maelezo yangu yote ya hewa na joto hayakumgusa, lakini ndizi zilimgusa. Alikuwa anajua jambo hili maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimemletea kwa jina lingine, halafu nikalitenda vibaya mbele yake.

Jioni nilirudi nikinyata. Alikuwa ameshapakua. Nilibonyeza haragwe moja kwa ulimi, likasambaratika.

"Hm," akasema mama. Basi. Lakini alijipakulia mara ya pili.

Jumanne tukaenda sindano ya sita. Jumatano akaanza kubuni vyake. Alilalamika kwamba bila jivu hana munyu, yale maji ya jivu tunayolainishia mboga za kienyeji, basi akaenda kwa majirani waliokuwa bado wanapikia makaa, akawa anachukua jivu lao ambalo wangelitupa. Baridi ya usiku akaitatua kwa chupa ya maji moto, imetoka sandukuni, imevishwa soksi yangu kuukuu. Alhamisi akauliza kama uji ungekaa humo.

Ulikaa. Uliopikwa saa moja asubuhi, saa saba mchana ulikuwa unatoa mvuke.

Ndipo nilipomwona mama akifikiri. Aliketi, amekunja mikono, anaangalia mlango, kisha sanduku, kisha mlango.

"Waite," akasema. "Waite Jumamosi. Wote."

Wakuu, nilikufa kidogo. Nikauliza je, wakikataa? Je, sanduku likipoa? Je, wakija kumi? Mama akaniambia kazi yangu ni kuazima vikombe.

Walikuja sita. Mama Robai mbele. Hata kabla hajainama kuingia mlangoni, mama alikuwa amesimama na kikombe cha uji wa wimbi mkononi.

"Mulembe. Shika hii, umetoka kwenye baridi."

Mama Robai akapokea bila kufikiri, akapiga funda, akaruka. "Ai! Ya moto!"

Akageuka kutafuta jiko. Kona ileile, pakavu vilevile. Akaangalia nyuma ya mlango. Akaangalia chini ya kitanda, wakuu, naapa. Wenzake wakawa wanapokea vikombe mmoja mmoja, kila mmoja kabla hajaketi.

"Mama Nafula, umepikia wapi? Kwa jirani?"

"Hapa."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Mlipokuwa bado mnakoroma."

"Acha uongo, wewe ni mtu wa kanisa!"

Mama akafunua ule mto wa blanketi, polepole, kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Mvuke ukapanda. Chini ya sufuria ya uji palikuwa na ya maharagwe, amezipanga moja juu ya nyingine kwa akili yake mwenyewe. Mimi sikujua kama inawezekana.

Mama Robai akatumbukiza mkono kati ya vitambaa. Akautoa. Akaurudisha.

"Hii ni uchawi ama ni elimu?"

"Ni kufunika," mama akasema. "Mtoto aliijua, lakini alikuwa anachungulia."

Wakacheka wote, na walinicheka mimi, na sikujali. Walikula maharagwe yale, na safari hii hapakusikika kokoto.

Kisha mama akasimama, akaweka mkono juu ya lile gunia la makaa ambalo halikuwa limefunguliwa.

"Dada zangu, mliniona sina moshi mkanikumbuka. Sitasahau mpaka nizikwe. Lakini kwetu hakuna njaa. Daktari ameukataza moshi, na mimi nimebakiza sindano sita, sitaondoka hapa kabla ya ya mwisho. Kwa hiyo nyumba hii mtaikuta haina moto. Mkitaka kujua kama nimepika, msiangalie kona. Ingieni tu. Kwangu mgeni hatangoja chakula kiive. Chakula ndicho kitakuwa kinamngoja."

Nilitoka nje nikajifanya naosha vikombe.

Gunia lilienda kwa mama mmoja wa Kawangware aliyekuwa amejifungua mapacha. Mama ndiye aliyechagua.

Sitawadanganya kwamba Kangemi yote ilibadilika. Waliotengeneza masanduku ni wawili. Mmoja, la kwake liliingiwa na panya, akaacha. Mama Robai alilitaka, mumewe akasema hatakula chakula kilicholala kwenye boksi, wakagombana, akatengeneza hivyo hivyo akawa anamdanganya kimetoka motoni sasa hivi. Mzee alikula miaka.

Sisi gunia moja la makaa lililokuwa linaisha kwa wiki mbili likawa linatufikisha wiki sita, saba. Msitu haukurudi kwa sababu yangu. Nalijua hilo na linaniuma bado. Lakini kile ambacho kilikuwa juu yangu nilikifanya.

Sindano ya kumi na mbili ilikuwa Jumanne ya mvua nyepesi. Nesi yule alimwekea mama kile chombo cha kusikilizia mgongoni, akamwambia vuta pumzi. Mama akavuta. Nesi akahamisha. Vuta tena. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili, nimeshaandaa maswali kumi na moja.

Nesi akatoa chombo masikioni, akamwangalia mama juu ya miwani.

"Ni safi. Unaweza kwenda nyumbani."

Mama akafunga vifungo vya gauni, bila haraka. "Nitakwenda Ijumaa," akasema. "Kesho na kesho kutwa nina wageni."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kubadilisha jambo nyumbani, iwe ni makaa, maji, plastiki au taa, usianze na hotuba. Uliza kwanza lile la zamani lilikuwa linawafanyia watu kazi gani, hata zile kazi zisizoonekana. Moto wetu ulikuwa unakaribisha wageni. Mpaka tulipopata kitu kingine cha kuwakaribisha, sanduku lilikuwa ufukara tu machoni pa watu. Na mpe kazi hiyo yule unayemwona hawezi kuielewa. Mara nyingi anaijua kukupita.

La pili ni langu binafsi, na kwa wale wenye vichwa kama changu: ukishafanya sehemu yako, funika. Ondoa mkono. Mimi bado najifunza.

Sasa ninyi. Nani hapa bado anapika kwa njia ya namna hii, au bibi yake alikuwa anafanya? Nani amejaribu kitu kama hiki nyumbani akachekwa? Wenye kunikosoa pia karibuni, ila naomba msiniulize lolote mpaka kesho. Nikianza kusoma majibu leo sitalala.